Bei ya Ndege na Bei ya Ujuzi Wake

Julai 2002 Uturuki ilijiunga na mradi wa ndege ya kivita ya F-35 kwa ada ya dola milioni 175. Lilikuwa daraja la tatu, la chini kabisa kwa washirika, lakini viwanda vyake vilipata kazi nzuri. Turkish Aerospace ilitengeneza sehemu ya kati ya kiwiliwili cha ndege. Ayesaş ilitengeneza skrini pana iliyo mbele ya rubani, na hakukuwa na kampuni nyingine inayoitengeneza. Kufikia 2019, vipuri zaidi ya 900 vya ndege hiyo vilikuwa vinatoka Uturuki. Kisha Julai 12 mwaka huo shehena ya kwanza ya mitambo ya Urusi ya kutungulia ndege, S-400, ikatua karibu na Ankara, na siku tano baadaye Marekani ikatangaza kuiondoa Uturuki katika mradi. Ndege za kwanza zilizojengwa kwa ajili yake, ambazo marubani wake walikuwa wakijifunzia huko Arizona, zilibaki Marekani. Kwa hesabu ya Uturuki yenyewe, dola bilioni 1.4 zilikuwa zimeshalipwa.

Washington ilikuwa na hofu yenye msingi: rada za S-400 zikikaa jirani na F-35 zingeweza kujifunza namna ya kuitambua. Sina haja ya kuamua ugomvi huo hapa. Ninachojali ni swali la mlipa kodi, maana yeye ndiye mnunuzi: baada ya miaka 17 ya ushirika, tumebaki na nini? Michoro ilikuwa ya Lockheed Martin, kampuni ya Marekani inayoiunda F-35. Programu za kompyuta zilikuwa chini ya Marekani. Kilichobaki ni ujuzi wa mafundi na wahandisi, na huo si haba, kwani Februari 2024 Uturuki ilirusha KAAN, ndege ya kivita ya kwake yenyewe. Lakini hata KAAN iliruka kwa injini mbili za F110 za General Electric ya Marekani.

Serikali zinapotangaza ushirika wa kutengeneza silaha, tarakimu inayopewa magazeti ni bei ya chombo kimoja. Ndiyo tarakimu rahisi kuliko zote, na ndiyo inayopotosha zaidi. F-35A moja imewahi kuuzwa kwa chini kidogo ya dola milioni 80, bei isiyotisha kwa ndege ya daraja lake. Kuitunza ni habari nyingine. Aprili 2024 wakaguzi wa bunge la Marekani walikadiria kwamba kuhudumia ndege zote za aina hiyo za Marekani hadi zistaafu kutagharimu zaidi ya dola trilioni 1.5. Na baada ya ada ya kuingia, bei ya kununua na gharama ya matunzo, iko gharama nyingine isiyoandikwa kwenye ankara yoyote: ruhusa. Nani akuruhusu kubadilisha programu, kufunga kombora la kwenu, kuiuzia nchi ya tatu, au hata kuendelea kuirusha mkikosana? Hiyo ndiyo ninayotaka kuilinganisha, kwa sababu wabunge wengi huipitisha bila kuijadili.

Tuanze na aliyelipa zaidi. Uingereza ndiyo nchi pekee iliyokaa daraja la kwanza la F-35, kwa mchango wa takriban dola bilioni 2. Italia ilitoa kama bilioni moja, Uholanzi milioni 800, na waliobaki kati ya milioni 125 na 175 kila mmoja. Kwa thamani, karibu asilimia 15 ya kila F-35 inayojengwa hutoka Uingereza. Sehemu ya nyuma ya kiwiliwili hutengenezwa na BAE Systems huko Samlesbury. Ukihesabu ajira, Uingereza ilipata faida kubwa. Hata hivyo Machi 2006 Lord Drayson, waziri aliyesimamia ununuzi wa zana za ulinzi, alilazimika kwenda mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani na kusema kwamba nchi yake haitaweza kununua ndege hizo isipopewa uwezo wa kuzitumia na kuzirekebisha yenyewe, pamoja na programu zake. Tafakari jambo hilo. Mshirika wa karibu kuliko wote, aliyekwishaahidi mabilioni, bado alikuwa anaomba.

Desemba 2006 pande hizo mbili zilisaini makubaliano. Lakini mwaka 2009 ofisi ya mradi ilisema waziwazi kwamba hakuna mshirika yeyote atakayekabidhiwa msimbo wa programu. Kilichotolewa badala yake ni maabara. Ili F-35 itambue kwamba mwale fulani wa rada unatoka kwenye mtambo wa adui na si kwenye meli ya rafiki, inahitaji maktaba ya ishara iliyopakiwa kabla ya kuruka. Maktaba ikiwa ya zamani, rubani anaruka nusu kipofu. Uingereza na Australia huandaa maktaba yao katika maabara ya pamoja, na maabara hiyo iko ndani ya kambi ya jeshi la anga la Marekani ya Eglin, Florida. Norway na Italia nazo zina ya kwao papo hapo. Wataalamu ni wao na data ni zao, lakini wanafanya kazi ndani ya ua la mwenzao.

Israel haikulipa ada ya ushirika kama hao, na ikapata kitu ambacho hata Uingereza haikukipata kwa namna hiyo: ruhusa ya kuweka mifumo yake yenyewe ya mawasiliano na vita vya kielektroniki juu ya F-35I, ambazo mbili za kwanza ziliwasili Desemba 2016. Ilipata hayo kwa kuwa ilikuja mezani na vifaa vilivyokwisha kujaribiwa vitani, na kwa uhusiano wa kisiasa ambao nchi nyingine haina. Kwa hiyo daraja la ada halikupi nguvu ya kudai kama unavyodhani. Nguvu hutokana na kile ulichokuja nacho.

Hapo ndipo kisa cha Japani kinaponivutia kuliko vyote. Katikati ya miaka ya 1980 viwanda vya Japani vilitaka kutengeneza ndege yao ya kivita bila kumtegemea mtu. Marekani haikupenda. Ilikuwa na nakisi kubwa ya biashara na Japani, na mwaka 1987 kulifumuka kashfa ya kampuni tanzu ya Toshiba iliyoiuzia Urusi ya Kisovieti mashine za kuchonga mapangaboi ya nyambizi. Mwaka huohuo Japani ilikubali kuacha ndoto yake na kuifanyia F-16 mabadiliko, kazi ikiongozwa na Mitsubishi Heavy Industries pamoja na General Dynamics, waundaji wa F-16. Makubaliano yakasainiwa Novemba 1988. Kabla wino haujakauka, wabunge wa Marekani wakaja juu: mnawafundisha Wajapani kutengeneza ndege, kesho watatuuzia ndege za abiria! Mwaka 1989 serikali ya Rais George H. W. Bush ikarudi mezani na masharti mapya. Karibu asilimia 40 ya kazi iwe ya kampuni za Marekani, na msimbo wa kompyuta inayoongoza ndege hewani usitolewe.

F-16 si ndege inayoweza kuruka bila kompyuta hiyo. Umbo lake limefanywa kusudi lisitulie, ili iwe nyepesi kugeuka, na kompyuta ndiyo inayoirekebisha kila sehemu ya sekunde. Kumnyima mtu msimbo huo ni kumpa ndege isiyoruka. Wajapani wakauandika wenyewe. Hawakuanza sifuri, kwa sababu miaka kadhaa kabla walikuwa wamefanyia majaribio ndege ya mafunzo ya T-2 waliyoibadilisha kwa kazi hiyohiyo ya udhibiti kwa kompyuta. Bawa nalo wakalitengeneza kwa nyuzi za kaboni, ngozi ya chini na mihimili yake vikiokwa pamoja kuwa kipande kimoja badala ya kuungwa kwa skrubu na ribiti. Ufundi huo Marekani haikuwa nao kwa kiwango hicho, na mkataba ulitaka Japani iutoe. Mabawa mengi ya kushoto ya ndege hiyo, iliyopewa jina la F-2, yakajengwa Fort Worth, Texas, kwa ufundi wa Kijapani. Na F-2 ikawa ndege ya kivita ya kwanza kuingia kazini ikiwa na rada ya aina ya AESA, ambayo antena yake haizunguki, bali vipitishi vidogo vingi ndani yake hutoa na kuelekeza miale kwa umeme.

Ukiangalia ankara, F-2 ni hasara ya wazi. Kila moja iligharimu kama yeni bilioni 12, bei iliyoipita mbali F-16 iliyochukuliwa kama msingi. Mabawa yalipasuka nyufa katika majaribio na kazi ikachelewa. Mpango wa ndege 130 ukapunguzwa hadi 94, na idadi ikipungua, bei ya kila moja hupanda. Gazeti lolote la walaji lingeshauri usinunue. Mimi nasema iliwalipa, ila malipo yenyewe yalichukua zaidi ya miaka 30. Desemba 2022 Japani ilitangaza pamoja na Uingereza na Italia mradi wa GCAP, wa ndege itakayoingia kazini mwaka 2035 kuchukua nafasi ya F-2 na ya Typhoon ya Ulaya. Safari hii Japani imekaa kama mwenye hisa sawa: katika kampuni ya ubia ya Edgewing, BAE Systems, Leonardo ya Italia na upande wa Japani wana theluthi moja kila mmoja. Uhuru wa kuifanyia ndege mabadiliko bila kuomba ruhusa ulikuwa sharti la Japani tangu mwanzo. Nchi isiyojua kuandika msimbo wala kuoka bawa haiwezi kuweka sharti la namna hiyo na likasikilizwa.

Ulaya inatoa ulinganisho safi zaidi, kwa kuwa majirani walioanza pamoja waliachana mwaka 1985. Ufaransa ilitoka katika mradi uliokuja kuzaa Eurofighter Typhoon. Ilitaka ndege inayoweza kutua juu ya meli, na ilitaka kuongoza usanifu. Uingereza, Ujerumani, Italia na Hispania zikabaki pamoja. Kugawana gharama kwa watu wanne kunaonekana nafuu mpaka uone viwanda: Typhoon huunganishwa sehemu nne, Warton, Manching, Turin na Getafe, kwa sababu kila mlipaji alitaka ajira zake. Mwaka 2011 ofisi ya ukaguzi ya taifa ya Uingereza ilikuta kwamba nchi hiyo ingepata ndege 160 badala ya 232, na kila moja imepanda bei kwa asilimia 75.

Kisha kuna kura ya turufu. Mshirika mmoja akikataa kutoa kibali, vipuri vyake haviondoki na mauzo yanakwama. Baada ya mauaji ya mwandishi Jamal Khashoggi mwaka 2018, Ujerumani ilizuia silaha kwenda Saudi Arabia, na mpango wa Uingereza wa kuiuzia nchi hiyo Typhoon nyingine 48 ukakaa hadi Januari 2024, Berlin ilipolegeza. Binafsi naona Ujerumani ilifanya vyema. Vita vya Yemeni vilitosha kumfanya mtu asite. Nataja jambo hilo kwa sababu linafanya kazi pande zote mbili. Kura hiyohiyo inayolinda dhamiri ya taifa lako ndiyo inayoweza kulifunga mikono, na mkataba mzuri huandika mapema ni lini itumike na kwa muda gani.

Ufaransa ilikwenda peke yake na kulipa peke yake, zaidi ya yuro bilioni 40 kwa mpango mzima wa Rafale. Kwa miaka mingi haikupata hata mteja mmoja wa nje. Wa kwanza, Misri, alisaini mwaka 2015. Baadaye wakaja Qatar, India, Ugiriki, na Falme za Kiarabu zilizoagiza 80 kwa mkupuo. Injini ni ya Safran, rada ni ya Thales, mfumo mzima ni wa Kifaransa. Hata hivyo mwaka 2018 mauzo ya kombora la Scalp kwa Misri yalikwamishwa na kijenzi kidogo cha Kimarekani kilichokuwa ndani yake. Paris ikatangaza kwamba itapunguza vijenzi vya namna hiyo katika silaha zake. Ndipo ujue uhuru kamili unauzwa bei gani, na kwamba hata aliyeulipia huenda akaona umepungua kipande kimoja.

Nchi nyingi hazina uwezo wa Ufaransa. Kwao mfano wa kusoma ni Korea Kusini. Mwaka 2014 Korea iliamua kununua F-35A 40, kwa matumaini kwamba ununuzi huo utaambatana na teknolojia za kuisaidia kujenga ndege yake, KF-21. Mwaka 2015 Marekani ikakataa nne zilizo muhimu zaidi: rada ya kisasa, kitambuzi cha joto, kifaa cha kulenga shabaha na mtambo wa kuvuruga mawimbi ya adui. Rais Park Geun-hye alikwenda Washington na kurudi na jibu lilelile. Aibu kubwa nyumbani. Taasisi ya utafiti wa ulinzi ya Korea na kampuni ya Hanwha zikaanza kutengeneza rada wenyewe, na Julai 2022 KF-21 ikaruka kwa mara ya kwanza. Makosa ya Seoul yalikuwa ya mnunuzi yeyote mwenye haraka: ilitegemea teknolojia kabla ya kibali cha kuitoa kupatikana. Kilichoiokoa ni kuwa na maabara zenye watu wa kuanza kazi siku ya pili.

Mshirika wake, Indonesia, yuko upande wa pili wa hesabu hiyo. Iliahidi kubeba asilimia 20 ya gharama ya kuiunda KF-21, jumla ya gharama ikiwa kama woni trilioni 8.1, ili ipate ndege 48 za kujengewa nyumbani, ndege ya mfano na ujuzi. Malipo yakasuasua kwa miaka. Wakati deni hilo likiwa bado, mwaka 2022 Jakarta ikasaini kununua Rafale 42 kutoka Ufaransa. Mwanzoni mwa 2024 wahandisi wa Indonesia waliokuwa Korea wakachunguzwa kwa tuhuma za kutoa data za mradi wakiwa na flashi. Hatimaye mchango wao ukapunguzwa hadi woni bilioni 600, na ujuzi wa kuhamishwa ukapunguzwa pamoja nao. Ukiacha tuhuma zile kando, kosa la kibiashara ni kununua mahali pawili na kutomaliza popote. Bajeti iliyogawanywa kati ya Seoul na Paris haikutosha kuwafanya wahandisi wa Indonesia wabobee katika ndege hata moja.

Brazil ilichagua njia ninayoipenda zaidi. Desemba 2013 iliiteua Gripen ya Saab ya Sweden mbele ya Rafale na Super Hornet ya Boeing, na mkataba wa 2014 wa ndege 36 ulikuwa na thamani ya kroni za Sweden bilioni 39.3. Miezi michache kabla ya uamuzi, Rais Dilma Rousseff alikuwa ameahirisha ziara rasmi ya Washington baada ya kufichuka kwamba Marekani ilikuwa ikisikiliza mawasiliano yake. Hali hiyo haikuisaidia Boeing. Lakini uzito wa mkataba uko kwenye watu. Wabrazili zaidi ya 350, wahandisi na mafundi, walipelekwa Linköping kufanya kazi kwenye usanifu wenyewe, wakarudi Gavião Peixoto, kwenye kituo cha Embraer, kuendelea nao. Ndege yenye viti viwili imesanifiwa kwa pamoja. Ndege 15 zilipangwa kuunganishwa Brazil. Fedha za bajeti zimechelewa mara kwa mara, na ndege zimechelewa nazo. Hata hivyo mhandisi aliyekwishasanifu bawa haondoki na ndege siku mkataba ukivunjika.

Sasa angalia ndani ya Gripen mpya: injini ni F414 ya General Electric. Ndani ya KF-21, F414. Ndani ya KAAN, F110. Nchi tatu tofauti, zilizojitahidi kila moja kwa njia yake, zote zinahitaji kibali cha Marekani ili kuuza ndege zao nje. Ningekuwa nalipa kodi katika mojawapo, ningetaka kila mwaka nionyeshwe ukurasa mmoja tu: vijenzi ambavyo mwingine anaweza kutuzuilia, na mpango wa kuvibadilisha. Uturuki ilizuiliwa kijenzi cha namna hiyo mwaka 2020, pale Canada ilipositisha kamera za kulengea za droni za Bayraktar TB2, kisha kampuni ya Kituruki ya Aselsan ikaleta ya kwake. Kamera inaweza kubadilishwa ndani ya miaka michache. Kwa injini ya ndege ya kivita, hesabu miaka 15 au zaidi.

Kwa nchi zetu, ambazo zinanunua bila kushiriki kutengeneza, maswali hayabadiliki. Uganda ilipochukua Su-30MK2 sita kutoka Urusi mwaka 2011, katika ununuzi uliogharimu takriban dola milioni 740 pamoja na silaha na zana nyingine, haikununua sehemu ya ujuzi wowote, na vipuri vinategemea uhusiano na Moscow. Hata mkataba wa magari ya deraya au droni chache unaweza kuwa na kifungu cha kufundisha mafundi wetu matengenezo makubwa, si kubadilisha oili tu. Unaweza kuwa na kifungu cha michoro ya vipuri kuwekwa kwa mtu wa tatu, ili tukabidhiwe muuzaji akifilisika au tukikosana naye. Vifungu hivyo huongeza bei. Vikiachwa kwa kisingizio cha kubana matumizi, tutalipa zaidi baadaye, na wa kulipwa atakuwa yuleyule.

Kwa anayetaka kufuatilia jambo hili likitokea mbele ya macho yake, GCAP ndiyo ya kutazama. Mkataba wa nchi tatu ulisainiwa Tokyo Desemba 2023, makao ya shirika la pamoja yako Uingereza, na usawa wa hisa umeandikwa. Pamoja na hayo, Aprili 2025 waziri wa ulinzi wa Italia, Guido Crosetto, alilalamika hadharani kwamba Uingereza haitoi teknolojia yake kwa wenzake inavyopaswa. Ilikuwa vyema kwamba alisema mapema, kabla ndege haijaruka, wakati Italia bado inaweza kushikilia malipo yake. Uingereza ilipokwenda kulalamika Washington mwaka 2006, ilikuwa imeshatoa ahadi ya dola bilioni 2.